Kuku Kwenye Mlango wa Kisiagi

Bosi wangu wa kwanza alikuwa akijinunulia soda kwenye duka lake mwenyewe. Lilikuwa duka la jumla mjini Machakos, si mbali na stendi, na mimi nilikuwa nimemaliza shule ya upili juzi tu, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kazi yangu ilikuwa kukaa kaunta na kupokea pesa. Saa nne, jua likianza kuchoma mabati, mzee anateremka kutoka ofisini kwake juu, anafungua kreti, anachukua soda ya machungwa, kisha anapanga foleni nyuma ya wateja. Zamu yake ikifika ananilipa na kungoja risiti. Sisi wasichana wa duka tulimcheka mpaka mbavu zikauma. Tajiri mzima, na maghala yake, anajiuzia! Siku moja mwenzangu mmoja mwenye mdomo akamwuliza kwa nini anajisumbua hivyo. Mzee akafuta povu midomoni, akasema, "Mimi nikichukua chupa, nyinyi mtachukua kreti. Na hii duka ikikufa, hakuna mtu atajua ni nani aliiua." Tukacheka hiyo pia.

Sikujua kwamba soda hiyo ingekuja kunitoa jasho miaka baadaye, mbele ya akina mama wazima waliokunja mikono. Lakini nikikumbuka ilivyoisha, mpaka leo natembea nimeinua kichwa. Mimi si mtu wa kujificha nikiwa na la kujivunia. Wanaojidai wanyenyekevu wajidai, mimi nina kisiagi cha kusimulia.

Niliolewa upande wa Masii, ndani kidogo, kwenye kisoko chenye maduka machache na makanisa mawili, la Katoliki na la Waprotestanti, yakitazamana kama mabawabu. Mume wangu alikuwa na kazi ya kiwandani Athi River. Alikuja mwisho wa mwezi Ijumaa na kurudi Jumapili, akiwa amebeba mahindi mabichi na mashati yaliyopigwa pasi. Kwa hivyo niliolewa na yeye, lakini niliishi na mama yake.

Mama yake alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto naye akageuka. Nilimwita mwaitu, yaani mama yangu, kama tunavyowaita kwetu, na nilimwita hivyo kwa heshima na kwa woga kidogo. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mwethya. Alikuwa amekalia kiti hicho tangu mume wangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na hakuna aliyewahi kufikiria kumtoa.

Mwethya ni kundi la kazi. Nilipofika pale tulikuwa tukichimba matuta ili mvua isiteremke na udongo wetu hadi mtoni. Leo tuko kwa shamba la huyu, kesho kutwa kwa shamba la yule. Kila mtu anakuja na jembe lake na hakuna anayelipwa. Yule anayelimiwa ana kazi moja tu, kuwapikia wenye majembe. Atachemsha isyo, yale mahindi na maharagwe yetu, atapika chai ya maziwa, na kama nyumba inajiweza, chapati. Ukila jasho la wenzako na siku yako usiwapikie, mwethya unakutoza kuku. Hupewi nafasi ya kulipa pesa. Unamleta huyo kuku mwenyewe mchana, kwa barabara, watu wakiona, na unamfunga mguu mlangoni pa yule uliyemkosea. Nilijua wanawake ambao wangeuza kitanda kuliko kuonekana na kuku wa faini.

Hao ndio walionunua kisiagi, mashine ya kusaga mahindi. Zamani tulikuwa tukipeleka mahindi Masii, debe mgongoni na mshipi kwenye paji la uso, kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na mashine na bei anayoipandisha kila akiamka vibaya. Akina mama wakachoka. Wakalimia watu wa mbali matuta kwa malipo, wakasuka vyondo, vikapu vyetu vya mkonge, na kuviuza kwa jumla, wakaweka shilingi juu ya shilingi kwa miaka. Matofali ya jengo waliyachoma wenyewe. Injini ya dizeli ilipoletwa na pikapu, imeshatumika kwingine lakini imepakwa rangi ya kijani ikang'aa, vigelegele vilisikika mpaka shuleni, na walimu wakawaachilia watoto waje waone. Mama mkwe aliigusa kwa kiganja kama anayepima homa. Sijawahi kuona uso wa mtu umejaa hivyo.

Halafu siku ya kufungua, akasimama mlangoni na kutangaza sheria. "Hapa kwetu," alisema, "mwenye jembe halipi."

Watu wakapiga makofi. Na ukifikiria, angesema nini kingine? Maisha yao yote ya mwethya yalikuwa hivyo. Mtu halipii jasho lake. Kisiagi kilitoka kwenye jembe, basi wenye majembe wasagiwe bure na wageni walipe. Hakuna aliyeona ubaya. Mimi nilikumbuka ile soda ya machungwa, lakini nilikuwa mgeni pale, na mkamwana mgeni hafungui mdomo mbele ya mwethya.

Miezi ya kwanza mambo yalikuwa mazuri. Kisha nikaanza kuona vituko. Mwanachama analeta gorogoro mbili zake, yale makopo ya kupimia mahindi, na juu yake debe la dada yake. Kesho analeta la shemeji. Jirani ambaye hakuwahi kushika jembe akaanza kuamkia kwa rafiki yake wa mwethya na mahindi kichwani, habari ya asubuhi, tafadhali nipelekee. Haikuchukua muda, hakukuwa na mtu pale sokoni ambaye hakuwa na shangazi kwenye mwethya. Waliolipa walikuwa walimu wa kutoka mbali, wapita njia, na baba mmoja aliyekuwa amegombana na kila nyumba.

Dizeli ikiisha, mama mkwe alifanya kile alichokijua. Aliita mwethya, kila mtu atoe kitu, kama vile mtu anavyokuja na jembe. Wakatoa. Ikaisha tena, wakatoa tena. Wale waliosaga kidogo walitoa sawa na waliosaga magunia. Minong'ono ikaanza, na minong'ono ya akina mama kumi na tano, ishirini hivi, si kitu cha kuchezea. Mara ngapi nilimkuta mama mkwe akiuza mayai yake ili mashine ipate kunguruma, halafu anasema ni sawa, ni yetu. Nilimhurumia na kumkasirikia kwa wakati mmoja. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi nguo tulikuwa tumeivaa kwa fahari.

Kwa kuwa niliwahi kushika pesa mjini, walinichagua mweka hazina. Nilipewa mkebe wa kakao wenye kufuli. Heshima kubwa, mkebe mwepesi.

Mvua ya Elnino ilipokwisha, ukame ukaingia. Mahindi yaliyoko yakawa ya msaada, magumu, machafu, yenye vijiwe. Mashine ilisaga hayo kutwa, bure, mpaka siku moja ikakohoa, ikatoa moshi mweusi na kunyamaza. Mwendeshaji wetu, baba wa makamo aliyewahi kufanya kazi viwandani na kurudi nyumbani, alifungua, akachungulia, akafunga. Akaitwa fundi kutoka Machakos. Fundi akasema pistoni imekwisha, ringi zimekwisha, nyundo za kusagia zimekuwa laini kama vijiko, na mtu aliyekuwa akiitumia bila kuibadilishia hata oili anafaa kushtakiwa. Kisha akataja bei. Mama mkwe akatazama mkebe wangu.

Mwethya ulipoitwa kutoa, wengi hawakutoa. Hawakuwa wabaya, ukame ulikuwa umekausha kila kitu. Na hapo ndipo yule mfanyabiashara wa Masii alipotokea. Alikuja amevaa kofia, akazunguka mashine mara mbili, akaipiga teke kwenye gurudumu. Akasema ataichukua kwa bei ya chuma chakavu, atupe pesa mkononi siku ya soko, na tukitaka kusaga, milango yake iko wazi kama zamani. Alitabasamu aliposema kama zamani. Nilitamani kumpiga na mchi.

Mkutano ukawekwa, siku tatu kabla ya soko, ndani ya jengo letu, watu wamekaa juu ya magunia matupu karibu na mashine iliyokufa. Swali lilikuwa moja, tuuze au tusiuze. Nikajua wakiuza, hawa wanawake watarudi kubeba debe mpaka Masii, na mama mkwe wangu hatainua tena ile sauti yake. Hilo la pili ndilo lililoninyima usingizi zaidi.

Jana yake nilikuwa nimejaribu kuongea naye jikoni. Nilimwambia habari ya bosi na soda. Alisikiliza akichochea moto. Kisha akaniuliza, "Unataka mimi nilipe kwa mlango nilioujenga?"

"Ndiyo, mwaitu."

"Mimi?"

"Wewe kwanza."

Akaweka ule mwiko chini. "Wewe umesoma, mwanangu, lakini umesomea kwa watu wachoyo. Mwethya si duka."

Basi mkutanoni nikasimama na roho mkononi. Nikaanza na maneno ya duka. Nikasema faida, nikasema gharama, nikasema mfuko wa mwenye mali na mfuko wa biashara si mfuko mmoja. Wakanitazama. Nikawapa hadithi ya soda. Hapo ndipo wakacheka. Mama mmoja mnene aliyekuwa kwenye mlango akauliza kama huyo mzee alikuwa na mke, na kama mke naye alikuwa akimlipisha chakula cha jioni. Jengo zima likavunjika mbavu. Hata mwendeshaji mashine akageukia ukuta ili nisimwone akicheka.

Mimi nina hasira za karibu, kila anayenijua atakuambia. Ilinipanda kutoka miguuni. Nikasahau kwamba mimi ni mkamwana.

"Sawa, tuache soda," nikasema. "Niambieni ya mwethya, hiyo mnaijua kuliko mimi. Katika huu mwethya wetu kuna mmoja anayekuja kazini kila siku. Jumapili ndiyo anapumzika. Anatulimia sisi wote, na jamaa zetu, na marafiki wa jamaa zetu. Na tangu aanze kutulimia, hakuna hata mmoja amempikia. Hata chai. Sasa ameanguka kwa njaa na tumekaa hapa tukijadili tumuuze kwa nani. Huu ni mwethya gani?"

Kicheko kikakatika. Kwetu hilo si jambo la mzaha. Kula kazi ya mwenzako bila kumpikia ndiyo aibu kubwa iliyopo, na walianza kutazamana wakitafuta mwenye kosa.

"Nani huyo?" mama mkwe akauliza. Sauti yake ilikuwa imekaza. "Ni nani tumemfanyia hivyo?"

Nikanyoosha mkono kwenye mashine. "Huyu hapa, nyuma yako."

Akageuka akaitazama. Akaitazama kwa muda mrefu, ile rangi ya kijani iliyobabuka, mkanda uliolegea, unga mkavu kwenye mdomo wake. Nilidhani nimejifukuza boma mwenyewe. Yeye akainuka polepole, akafunga leso yake vizuri kiunoni, akatoka nje bila kumuaga mtu.

Tukakaa. Yule mama mnene wa mlangoni akachungulia barabarani na kutuambia ameenda upande wa nyumbani. Mimi nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia mume wangu mwisho wa mwezi.

Aliporudi alikuwa amembeba jogoo wake mwekundu, yule mkubwa aliyekuwa akitukimbiza sote uani. Alikuja naye kwa barabara, mchana kweupe, kupita maduka yote na makanisa yote mawili. Aliinama, akamfunga mguu kwenye komeo la mlango wa kisiagi. Kisha akasimama wima, akaiambia mashine, si sisi, mashine, kwa Kikamba na kwa adabu zote, kwamba amekula jasho lake na hakumpikia, na hii ni faini yake.

Akatugeukia. "Mimi nimemaliza yangu," akasema. "Nani mwingine alikula?"

Mwanamke aliyetoza faini wenzake maisha yake yote alijitoza mwenyewe wa kwanza, mbele ya mkamwana wake. Wengine walinyanyuka mmoja mmoja. Ilipofika jioni mlango ulikuwa umezungukwa na kuku wa kila rangi, wamefungwa miguu, wanapigana na kunya kila mahali. Asiyekuwa na kuku alileta mayai. Mmoja ambaye ukame haukumwachia chochote alileta kyondo alichokuwa akikisuka, hakijaisha, akaahidi kukimalizia hapo hapo mlangoni, na akakimalizia. Yule mama mnene alileta bata. Akatuambia yeye amesaga bure zaidi kuliko wote na kuku hatoshi.

Siku ya soko mfanyabiashara alikuja na lori dogo na vijana wa kubeba. Alitukuta tukipakia kuku kwenye vitunga. Akauliza mashine iko tayari. Mama mkwe akamjibu, "Ngoja kidogo, tuko hapa tunampikia." Yule bwana hakuelewa kitu. Alirudi na lori lake tupu, na kuku wetu wakauzwa kwenye soko lile lile lake, na oda za vyondo zikaongezea. Haikutosha yote. Fundi alikubali kuanza na pistoni, nyundo zikafuata mwezi uliofuata. Lakini mashine iliponguruma tena, mtu wa kwanza kwenye foleni alikuwa mwenyekiti na gorogoro yake, na pesa ameshika mkononi juu, ili kila mtu aone.

Kutoka hapo tulijifunza kuongoza mali. Sheria zetu tuliziandika kwa Kikamba, karatasi ikabandikwa ukutani. Kila anayesaga analipa, mwanachama na mgeni bei moja. Mashine inakula kwanza, yaani dizeli, oili na akiba ya vipuri vinatolewa kabla mtu hajauliza faida. Mwendeshaji analipwa mwezi hata kama biashara imelala, kwa sababu naye ana sufuria nyumbani. Mkebe ulistaafu, tukafungua akaunti mjini Machakos. Hapo karani akauliza watakaoweka saini. Wote wakasema mwenyekiti na mweka hazina, ni nani mwingine? Mama mkwe akakataa. "Sisi tunapika jiko moja," akasema. "Siku tukikosana mtasema tumekosania pesa yenu, na siku tukipatana mtasema tumepatania pesa yenu." Akachagua wanawake wawili wa nyumba nyingine waweke saini pamoja nami, mmoja wao akiwa yule mama mnene. Hakuna mtu aliyekuwa amemfundisha hayo. Mimi niliyatambua kwa sababu niliwahi kuona duka lililopangwa vizuri. Yeye aliyajua kutokana na miaka ya kuketi kati ya wanawake na sufuria zao.

Mume wangu naye alipata somo lake. Mwaka mmoja alikuja mwisho wa mwezi na wazo la kununua ploti Athi River pamoja na wenzake, akamwomba mama yake amkopeshe kutoka kwa kisiagi, atarudisha, si ni mtoto wake. Mama akamkatia mnofu mkubwa wa kuku, akamwekea sahanini, akamwambia, "Hii ni yangu, nimekupa. Ile ni ya mtu mwingine. Andika barua ulete mkutanoni." Akaandika barua. Mkutano ukamkatalia. Mimi nilikuwa kwenye mkutano huo, na nilipiga kura nikiwa nimeinamisha kichwa, lakini niliipiga. Aliniambia alioa askari jela. Baadaye alikuwa akijigamba kazini kwamba nyumbani kwao kuna biashara hata yeye hawezi kuigusa.

Siku ya kwanza ya kugawana faida ilikuja. Ilikuwa kidogo, usidhani tulitajirika. Mimi nilinunua viatu vya shule. Mama mkwe alinunua jogoo mwekundu.

Katikati ya miaka ya elfu mbili tuliandikisha kampuni. Tulikuwa na visiagi viwili sasa na mashine ya kukoboa muthokoi, yale mahindi yetu yasiyo na maganda, na wakili wa mjini alitushauri. Tulienda ofisini kwake tukiwa wakurugenzi watano, tumevaa nguo za kanisani. Alikuwa kijana mwenye adabu, akatueleza kwamba kuanzia leo kampuni ni mtu kamili mbele ya sheria. Ina mali yake, ina deni lake, na mkurugenzi hawezi kuitumia kama mfuko wake. Akauliza kama tumeelewa. Mama mkwe akamwambia, "Hiyo tunaijua, mwanangu. Tulishailipia kuku." Ilibidi nimweleze kijana huyo hadithi yote, na alisahau kututoza muda wake.

Miaka ikaenda. Magoti ya mama mkwe yakaanza kumsumbua, akaniachia kiti cha mwenyekiti mkutanoni, mbele ya wote, kwa kura, si kwa sababu mimi ni wa nyumbani kwake. Alihakikisha wengine wawili wamesimama kushindana nami. Nilishinda kwa kura chache na nikazifurahia zaidi ya ambazo ningepewa bure.

Mwendeshaji wetu wa kwanza alipostaafu tuliajiri mwingine, mtu mpya, mpole, aliyelelewa vizuri. Siku moja mchana niko uani naanika mahindi, nikasikia fimbo ikigonga njia. Mama mkwe alikuwa anarudi kutoka kisiagi, kamfuko ka unga begani, na uso wake ulikuwa umebadilika. Nilidhani ameanguka. Nikamkimbilia.

"Nimefanya kosa gani?" akaniuliza.

"Kosa gani, mwaitu?"

"Nimefukuzwa kwa mwethya, na hakuna aliyeniambia."

Nikamkalisha kwenye kigoda. Maneno yalitoka kidogo kidogo. Alikuwa ameenda na gorogoro yake, akapanga foleni. Yule mwendeshaji mpya alipomwona akamtoa kwenye foleni, akamsagia kwanza, na alipotoa pesa akazikataa kwa mikono miwili. Alimwambia, "Susu," yaani bibi, "wewe ndiye mwenyewe. Wewe huwezi kulipa hapa." Alifikiri anampa heshima. Wote kwenye foleni walipiga makofi.

"Mwanangu," akaniambia, na ile sauti ya ng'ambo ya mto ilikuwa imebaki ndogo, "mtu anayelimiwa na hapikii, kwetu ni nani? Ni mgeni ama ni maiti. Mgeni mimi si mgeni. Na maiti, mimi bado."

Nilihisi machozi na nikaona haya, nikachukua ule mfuko wa unga na kumshika mkono. Tukarudi naye barabarani pole pole, tukipumzika kwenye kila ukingo, yeye na fimbo yake, mimi mwenyekiti wa kampuni na viatu vya nyumbani. Watu wa madukani walitusalimu. Hakuwaitikia kwa urefu kama kawaida yake, alikuwa na safari.

Kisiagi kilikuwa kikinguruma na foleni ilikuwa ndefu. Nilimwonyesha mwendeshaji kwa mkono azime. Akazima. Nilimwambia mbele ya wote kwamba mama huyu amekuja kulipa, na sheria yetu iko pale ukutani, na kosa si la mwendeshaji, ni letu sisi wakurugenzi ambao hatukumsomea siku tulipomwajiri. Yule mtu akashika kifua, akaomba msamaha, akatazama chini.

Mama mkwe hakumgombeza. Alifungua fundo la leso yake, akachagua noti, akaiweka kwenye kaunta na kuinyoosha kwa kiganja. Mwendeshaji akaichukua kwa mikono miwili, akaandika risiti, akampa, akadhani wamemaliza.

Yeye hakuondoka. Alikuwa amenyoosha mkono, anangoja chenji.